ORS na zinki: nyota 4, moja nimeikata kwa sababu ya herufi za sisimizi

Naona watu wanaiponda ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, anapewa anayehara) eti "nimempa mtoto siku nzima bado anahara", jamani haikutengenezwa kuzuia kuhara! Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazotoka, ile sukari iliyomo ndo inaivusha chumvi kwenye utumbo na maji yanafuata humo humo, basi.

Wangu ana miezi 14, alianza kutapika usiku, asubuhi nepi ya kwanza maji matupu, mpaka saa nne nishabadilisha sita. Duka la dawa la kwanza nililoingia wakataka kunipa antibayotiki hata hawajauliza kama kuna damu. Mtoto wa umri huu akianza na kutapika halafu choo cha majimaji kisicho na damu, mara nyingi ni virusi, rota au noro, na antibayotiki kwa virusi haifanyi kitu (chanjo ya rota alipata, inapunguza makali ila haimaanishi hataharisha tena). Ingekuwa damu ni habari nyingine, inaweza kuwa bakteria wa Shigela, hapo ni hospitali hungoji kesho, sawa na macho yakizama au akigoma kunywa kabisa.

Sasa bidhaa yenyewe. Unga unayeyuka fasta, ladha kama machozi. Kikombe alikisukuma, nikahamia kijiko cha chai, kimoja kila baada ya dakika moja hivi, akitapika nasubiri dakika 10 naanza tena taratibu, na nyonyo kama kawaida. Jioni ikaja nepi ya mkojo, sikujua kama mtu anaweza kufurahia mkojo kiasi kile. Zinki ni kidonge cha mg 20 kwa siku, unakiyeyusha kwenye kijiko, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekata siku ya tatu (chini ya miezi 6 ni nusu).

Nyota niliyokata: pakiti yangu ya ORS inataka maji lita 1 kamili ila maelezo huyaoni, mie na haraka zangu nikaimwaga kwenye chupa ya nusu lita, bahati nikaonja kwanza, chumvi kali balaa, na ikikolea hivyo inamdhuru mtoto. Si wachore tu chupa kubwa hapo mbele? Na iliyobaki ikifika saa 24 unamwaga.

Nimenunua nyingine mbili zipo kabatini, pembeni kuna chupa ya lita moja nimeiandika ubavuni YA ORS MSIGUSE.