Mwanangu hajui "dime": uzoefu wangu na kifurushi cha masomo ya nyumbani

Nilijiambia nitangoja hasira zishuke ndipo niandike. Sasa ni wiki ya tatu au ya nne, na kila nikipita karibu na lile boksi chini ya meza zinanipanda upya. Basi naandika nazo vivyo hivyo. Nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi lenyewe, ni gumu, tutalitumia.

Wanaosomesha watoto nyumbani mnavijua vifurushi hivi. Kuna wakala Nairobi anayeleta vijitabu vya Kimarekani, kila somo limekatwakatwa vijitabu vyembamba, mtoto asome mwenyewe, ajaze, ajisahihishe, mzazi atie sahihi. Sitamtaja jina. Nililipa shilingi 32,000 za muhula kwa M-Pesa, boksi likaja na basi la usiku mpaka Mombasa, nikalifuata na tuktuk kama mtu aliyekwenda kupokea mgeni wa heshima.

Kijana wangu ana miaka kumi na ana pumu. Mwaka jana alikosa shule siku nyingi kuliko alizokwenda, na kila akirudi darasa limeshamwacha. Bwanangu yuko bandarini Kilindini, zamu zake hazina mbele wala nyuma, kwa hivyo aliyeacha kazi ni mimi. Nilikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo. Si mwalimu, na sijawahi kudanganya mtu kwamba mimi ni mwalimu. Na kabla hamjanirukia: naijua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, najua inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Mamangu hunikumbusha kila asubuhi bila ya kuisoma. Anapika mahamri ya kuuza pale barazani, akimwona mjukuu wake anapita na daftari mkononi na kandambili mguuni, anauliza kwa sauti ya kusikiwa na jirani: "Huyu leo tena hendi skuli?"

Siku zetu zenyewe ni nzuri, wallahi. Asubuhi hesabu na Kiingereza kabla jua halijaingia chumbani. Saa nne mbaazi na mahamri. Halafu Kiswahili, ambacho nafunza mwenyewe kwa vitabu vya CBC, mtaala wetu wa shule za Kenya, nilivyonunua mitumba pale mjini. Alasiri ni chuoni, Kurani, na huko hakuna anayemuuliza yuko gredi gani. Inhela iko kwenye kikapu cha kalamu. Muhula mzima hatujakimbizana hospitali usiku hata mara moja.

Sasa nije kwenye lililoniudhi.

Kabla ya kuanza vijitabu, mtoto hufanya mtihani wa kumpima ili wajue aanzie ngazi gani. Anaufanya nyumbani, mzazi hatakiwi kusaidia, unapiga picha kurasa unawatumia kwa WhatsApp. Tukafanya. Baada ya siku kadhaa jibu likaja: aanzie ngazi ya pili. Ya pili! Mtoto anayenisomea gazeti mimi na kunieleza.

Nikataka kuona alipokosea. Wakanirudishia kurasa zimejaa nyekundu, nikaketi nazo jikoni.

Swali la kwanza la pesa: picha za sarafu mbili za Marekani, upande wa kichwa tu, kubwa na ndogo. Ipi ina thamani zaidi? Kijana akazungushia kubwa. Kumbe ile ndogo ndiyo dime, senti kumi, na kubwa ni nickel, senti tano. Sasa niambieni. Sarafu zetu hizi za tangu 2018 moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu, na ya ndovu ndiyo kubwa ya zote. Mtoto aliyetumwa dukani tangu ana miaka sita atajua vipi kwamba kuna nchi ambako kumi ni ndogo kuliko tano? Swali lililofuata: dime tatu na nickel mbili ni senti ngapi? Akajibu 35. Nikaona kazi yake pembeni, kwa penseli: tano mara tatu, kumi mara mbili, kumi na tano na ishirini. Hesabu imenyooka kama rula! (Naungama, aliniuliza hizi ni pesa gani, nikamwambia nisichotakiwa kumwambia: moja ni ya tano, moja ni ya kumi, sijui ipi ni ipi.) Sahihi ni 40. Nyekundu.

Likaja la majira. Mwezi upi una baridi zaidi: Januari, Aprili, Julai au Oktoba? Akaandika Julai. Mimi pia ningeandika Julai! Mtu wa Mombasa, Januari kaskazi inavuma, tunalala sakafuni kwa joto, na Julai ya kusi mamangu haondoi sweta mpaka saa tatu. Nyekundu.

Maji huchemka kwenye nyuzi ngapi? Akaandika 100. Walitaka 212. Hapo nitakuwa mkweli, ile F ya Fahrenheit, kipimo cha joto cha Wamarekani, ilikuwa imechapishwa pale pale na hakuiangalia. Lakini bado.

Nikapiga simu. Nilipiga kwa adabu, bwanangu ni shahidi, alikuwa anakula. Nikamweleza yule dada kwamba haya hayapimi akili, yanapima kama mtoto amewahi kuishi Marekani. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa ile Swahili yao ya Nairobi, "Sasa mama, mtihani haiwezi danganya." Nikamuuliza yeye mwenyewe amewahi kushika dime. Kimya. Halafu akanipa hili, nalo ndilo lililofanya niandike leo: "Nyinyi watu wa Pwani mnachukulia vitu polepole, na mtoto anafuata tu."

Polepole.

Mimi niliyekuwa nikitoa makaratasi ya kontena kabla dereva hajamaliza chai. Sitarudia nilichomjibu. Bwanangu aliacha kijiko. Nikakata simu, nikalifunga boksi lile kwa gundi ya karatasi, nikasema linarudi Nairobi kesho.

Halikurudi. Nauli ya kulirudisha ni juu yangu, na pesa za vijitabu vilivyofunguliwa hazirudishwi, yameandikwa kwa herufi za sisimizi nyuma ya risiti. Kama mnanunua, geuzeni risiti kwanza. Mimi ni karani wa makaratasi na sikugeuza.

Tatizo lingine ni kijana. Siku mbili baadaye nikamkuta amelikata boksi kwa kisu cha mkate, anasoma vijitabu vya sayansi kwa mfululizo. Kuna kimoja cha moyo na mapafu. Alikimaliza kabla ya chakula cha mchana, akamwendea nyanyake barazani kumweleza pumu ni nini hasa, vile vijia vya hewa vinavyovimba na kubana, akitumia mrija wa madafu kuonyesha. Mamangu, ambaye miaka yote anasema pumu inatokana na kulala kwenye feni, alinyamaza akasikiliza. Shuleni hakuwahi kumaliza kitu kwa mwendo wake. Hapa anamaliza, anapekua jibu, anajitia vema, anachukua kingine. Nisiseme uongo, nilipomwona nikaipandisha ile nyota ikawa mbili.

Kisha nikaikumbuka sauti ya yule dada nikairudisha.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie vitabu vya CBC moja kwa moja. Nimefikiri sana. Vina shilingi, vina kilo, vina masika na vuli, na mtoto hahitaji pasipoti kuvielewa. Lakini vimeandikiwa darasa: "mkiwa katika vikundi jadilini". Mimi na yeye ni kikundi gani? Na mtihani wa Gredi ya 6 shule ndiyo humwandikisha mtoto, mimi sina shule, nina meza. Kuna wanaopitia Cambridge, mtaala wa Kiingereza, mpaka mtihani wao wa IGCSE, mtoto akafanya kama mtahiniwa binafsi. Rafiki yangu mmoja wa Nyali anafanya hivyo na anaridhika, ila ada za mitihani kila somo na bei yake, na kwake kuna mshahara wa pauni. Kwetu kuna zamu za bandari na mahamri.

Sasa hili linalofuata nimelizungusha siku nyingi kama nilitie au nisilitie. Zile kurasa nyekundu kulikuwa na ukurasa wa tatu. Niliuona siku ile ile jikoni na nikaupita haraka, maana haukunisaidia kwenye ugomvi. Ni hesabu za sehemu. Nusu kujumlisha robo, akaandika 2/6. Kajumlisha juu na juu, chini na chini. Theluthi na sudusi, vile vile. Ukurasa wote, na hapo hakuna dime wala Fahrenheit wala Marekani. Na mtoto huyo huyo kila jioni namtuma sukari "nusu na robo", analeta robo tatu kamili, na chenji anaihesabu mbele ya muuzaji. Mdomoni anajua, kwenye karatasi hajui. Lilikuwa pengo la zile siku alizokuwa kitandani, na mimi nimefunza wiki ngapi bila kuliona. Lile boksi ndilo lililoliona.

Kwa hivyo ngazi ya pili ilikuwa dhuluma kwa pesa na majira, na kwa hesabu za sehemu labda haikuwa dhuluma. Yule dada sitamwomba radhi. Angeniambia "mama, angalia ukurasa wa tatu," tungekuwa marafiki hadi leo. Yeye akachagua Pwani.

Tumeanza sehemu upya, kwa unga. Mamangu ametoa vikombe vyake vya kupimia na ametaka alipwe ualimu.

Juzi bwanangu alirudi usiku na kitu mfukoni. Kuna baharia alikuwa na senti za kigeni, akamwomba moja. Dime yenyewe. Jambo dogo, jembamba, ukiliweka kwenye kiganja unaona kama kifungo cha shati. Kijana akaigeuza mbele na nyuma akitafuta namba kumi. Hamna. Imeandikwa ONE DIME, basi. Akanitazama: "Sasa mimi ningejuaje?" Nikakosa jibu, na nikapata hasira upya, hizi mnazozisoma.

Ujumbe wa muhula wa pili umekuja, na punguzo, umeandikwa "Mama, tuendelee?" Sijajibu. Vya sayansi navitaka, vya hesabu hata bure sitaki, na wao hawauzi nusu ya kifurushi. Nyota mbili. Na kama kuna mtu ana vitabu vya hesabu vya Gredi ya 4 na ya 5 vya kwetu, vyenye shilingi, hata kama vimejazwa kwa penseli, nitavifuta mwenyewe.