Steshenari ya karibu na soko la Mbuyuni Moshi, walimu pelekeni kazi zenu pale

Saa mbili usiku simu inaita, kumbe ni dada wa steshenari. “Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, hapa umeandika huyu mshairi alizaliwa Lipa, ni mji au kuna neno limeruka?” Nikamwambia marahaba, ni mji, uko Batangas kule Ufilipino. Akasema haya naiacha na herufi kubwa. Nikashusha pumzi kwa kweli, nimepata mtu anayesoma anachotaipu.

Maana kabla ya hapo nilipeleka mswada sehemu nyingine hapa hapa mjini, wakaniandikia mshairi “alizaliwa alilipa mwaka 1932”, kompyuta yao nayo ilikuwa inajirekebishia maneno kuwa ya Kiingereza na hakuna aliyepitia, halafu kurasa za mwisho zimebaindiwa kichwa chini. Elfu 40 yangu ikaenda hivyo na wanafunzi wananisubiri.

Kijitabu chenyewe ni cha vijana wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano ninaowafundisha tuisheni jioni, kurasa 40, na sehemu kubwa ni maisha ya Bienvenido Lumbera, mshairi na mwalimu wa fasihi. Nimemchagua kwa sababu kuna binti aliniuliza darasani, mwalimu, hivi mashairi anayotunga bibi yangu kwa Kichaga nayo ni fasihi? Lumbera alianza kutunga kwa Kiingereza, akasoma hadi chuo kikuu cha Indiana kule Marekani, na akiwa huko huko ugenini tasnifu yake ya udaktari akaifanya kuhusu ushairi wa Kitagalogi, lugha ya kwao Ufilipino, kuanzia 1570 mpaka 1898, yaani tungo za watu wa kwao zikafanyiwa kazi kama zinavyofanyiwa za wakubwa wengine wowote. Akarudi kufundisha chuo cha Ateneo de Manila, na baadaye Chuo Kikuu cha Ufilipino, akawa anatunga kwa lugha ya nyumbani. Rais wao Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972 mwalimu wetu akaingia mafichoni, wakamkamata Januari 1974, akakaa ndani hadi Desemba. Aliyemwandikia barua Jenerali Fidel Ramos kuomba aachiwe ni mwanafunzi wake wa zamani, Cynthia Nograles, na baada ya kutoka wakaoana. Mwaka 1993 akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay, 2006 akatangazwa Msanii wa Taifa, akafariki Septemba 2021 akiwa na miaka 89.

Sasa hayo yote yule dada aliyataipu kutoka kwenye mwandiko wangu wa mkono, na kila jina la kigeni alilipigia mstari kwa penseli akanisubiri nihakiki kabla ya kuprinti. Kaka anayebaindi naye anahesabu kurasa moja moja kabla ya kutoboa, nimesimama pale nimemuona, nakala zote 30.

Bei: fotokopi walinipigia 50 kwa ukurasa kwa vile ni nyingi, spairo 1,500, kwahiyo kila nakala ikatoka 3,500 na jumla 105,000. Kutaipu wanahesabu peke yake, mnapatana. Nimeona wa bei ya chini kuliko hapo wapo, lakini ukijumlisha na kurudia kazi mara mbili huna ulichookoa.

Ambacho hakikunifurahisha ni nafasi, ni padogo sana, wiki za mitihani mnapanga foleni mpaka barazani juani na hakuna hata benchi, wazee wanaokuja kuprinti fomu wanateseka. Na umeme ukikatika kazi inasimama, hawana jenereta, yangu ililala siku moja zaidi ila walinipigia mapema kuniambia nisije bure.

Siku nachukua mzigo dada akaniuliza kama anaweza kubaki na nakala moja, anataka kumsomea mama yake ile habari ya barua. Nikamwachia mbili.

Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu hamtakuta foleni, njooni na flashi au mtume kwa wasapu, na kama ni mwandiko wa mkono andikeni majina ya watu na miji kwa herufi kubwa tupu. Jumapili hawafungui.