The Secret Garden ya kusikiliza: uzoefu wangu

Kitabu hiki cha Frances Hodgson Burnett kilitoka mwaka 1911, nami nimekisikiliza kupitia LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti. Ni bure, sura zote 27, na wanaosoma ni watu wa kujitolea. Nilizipakua nyumbani Likoni, Mombasa, nikawa nasikiliza bila data kwenye feri nikienda kazini mjini.

Mary ana miaka kumi, kazaliwa India, kipindupindu kimemwacha yatima. Anapelekwa Yorkshire, Uingereza, kwa mume wa shangazi yake marehemu. Usiku anasikia kilio, anakifuata na mshumaa, anamkuta Colin, mtoto wa huyo shangazi, hirimu yake. Mmoja amekulia juani, mwingine hatoki chumbani na anaamini ataota kibyongo afe mapema.

Sura ya 17 usiikose kabisa. Colin anapiga mayowe, nyumba nzima imeshikwa na hofu, hakuna mtumishi anayethubutu kumkemea mwana wa bwana. Mary anaingia mbio na kumfokea vilevile. Colin analia kwamba amegusa nundu mgongoni. Mary anamwamuru muuguzi amfunue, anaukagua mgongo juu mpaka chini na kurudi juu, mbavu zinahesabika kwa wembamba, kisha anakata shauri: hamna nundu hata ya ukubwa wa pini! Niliirudisha nyuma nikaisikiliza tena palepale kwenye foleni ya feri.

Sisi wa Pwani tunaielewa haraka. Mtoto wa mjomba ndiye mwenye ruhusa ya kukuambia usoni yale wanayoyameza wengine, na kesho mkala sahani moja. Daktari asingeweza kumtoa Colin kitandani kwa dawa yoyote. Binamu mkali aliweza.

Kiingereza cha Yorkshire cha Martha, mtumishi wa nyumba hiyo, na ndugu yake Dickon kilinichosha kwenye karatasi kwa tahajia yake. Kikisomwa kwa sauti kinaingia, kama Mmvita wa Mombasa anavyomsikiliza Mwamu wa Lamu: neno moja moja litakupita, maana haikupiti.

Ukimsikilizisha mtoto, kaa naye sura ya 4. Mary anasema pale kwamba wenyeji wa India si watu, ni watumishi tu. Mombasa tunaishi na Wahindi mtaa mmoja, na mpwa wangu ana rafiki Mhindi darasani. Niliposikiliza naye nilisimamisha hapo, tukalizungumza mpaka akaridhika, ndipo tukaendelea.