App ya king'amuzi nnaitumia, ila dishi silishushi

Watu kibao hapa Chake wananiuliza eti hii app ya king'amuzi, ya kuangalia chaneli zake kwenye simu, inatosha mtu kuachana na dishi? Mie nnayo tangu kabla ya Ramadhani. Inasaidia, ila dishi libaki juu ya bati. Jina la kampuni silitaji, wenye king'amuzi kama changu washaelewa.

Nyumbani rimoti ni ya mama, na tamthilia yake ya Kituruki ile iliyotiwa sauti za Kiswahili ikianza hata kama Simba na Yanga wako uwanjani hakuna wa kumgusa, sasa mie natoka zangu barazani na simu naangalia mpira bila ugomvi na mtu. Masika mvua ikishika dishi linakata picha, app haina habari. Na kifurushi cha dishi kikiwa hai siongezi hata shilingi.

Sasa bando jamani. Picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, ya kawaida kama GB 1, na mechi pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza ni karibu saa mbili, piga hesabu mwenyewe. Ukiiacha ijichagulie, mtandao ukikaa vizuri tu inapanda juu na bando lako linakwenda nayo. Mie naifunga kwenye ya chini, namba za mgongoni sizisomi lakini mpira nauona.

Kinachonikera hasa ni kuchelewa. Dishi linadaka moja kwa moja toka setilaiti, huku kwenye app video inakatwa vipande vipande inapita kwenye intaneti halafu simu nayo inajiwekea akiba kidogo ndo ionyeshe, kwa hiyo jirani mwenye dishi keshapiga ukelele wa goli na mie kwangu kona haijapigwa bado! Siku hizi navaa hedifoni nnapoangalia, wallahi.

Halafu kuna mwezi nililipia app peke yake bila dishi. Pesa ikakatwa, meseji ya muamala ikaja, app inanambia sina kifurushi, nikipiga huduma kwa wateja ni muziki tu mpaka salio likaisha. Ikafunguka asubuhi yake, mechi ishachezwa na watu washabishana wakachoka. Na chaneli zenyewe pungufu kuliko za dishi, khaa.

Ila si hawa wetu tu wanaosita kumwachia mtu app peke yake. Marekani HBO, chaneli ya filamu, walitoa app yao ya HBO Now Aprili 2015, dola 14.99 kwa mwezi, hukuhitaji kebo, yaani TV ya waya ya kulipia. ESPN, chaneli ya michezo, wao 2018 wakaleta huduma ya mtandaoni ya ESPN+ kwa dola 4.99 kwa mwezi lakini chaneli yenyewe kubwa wakaibakisha kwenye kebo, mpaka Agosti 2025 ndo wakaiuza peke yake mtandaoni, tena kwa dola 29.99. Kebo ndo iliyokuwa inawalisha, nani anakata tawi alilokalia? Na hawa wetu nnavyoona hesabu yao ni hiyo hiyo.

Mwenye dishi pakua tu, ushailipia tayari. Mwenye waifai ya ofisini huyo hana la kusema. Ila wewe uliyepanga chumba huko Unguja huna dishi na unategemea bando la simu, mie ningekwambia subiri mpaka watoe kifurushi cha app cha wiki, na kama huwezi kusubiri basi lipia asubuhi, usingoje robo saa kabla ya mpira.