Dar hadi Iringa na gari la kukodi lenye hema juu: uzoefu wangu

Gari lenyewe zima, injini haina neno. Hema ndilo la kuangalia. Linakaa juu ya keria kwa bolti, na njia ya vumbi hulegeza nati zake. Mimi nilikabidhiwa gari bila spana ya kukazia. Namba 13 ilitosha. Kabla hujatoka Dar, shika ukingo wa hema ulisukume. Likicheza lenyewe na gari limetulia, kaza.

Kulifungua ni dakika kumi, watu wawili. Ngazi inabeba sehemu ya sakafu, kwa hiyo iegemee kidogo, isisimame wima, na kwenye mchanga weka ubao chini yake, la sivyo itadidimia usiku na mtaamka mmelundikana upande mmoja. Acha dirisha moja wazi, neti imefungwa, hata kukiwa na baridi. Pumzi hugeuka maji, godoro linalowa kwa chini. Ukilikunja hema bichi, lifungue jioni hiyohiyo, ukungu hauchelewi.

Friji ndiyo iliyoniudhi. Iliungwa kwenye betri ileile ya kuwashia gari, na mwenye gari hakusema. Ukiiacha usiku kucha, asubuhi unatafuta watu wa kusukuma. Uliza kama kuna betri ya pili. Kama hakuna, izime ukishaegesha.

Iringa ni kama kilomita 500, usiikimbilie kwa siku moja. Lala Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na twiga na swala unawaona bila kulipa kiingilio. Nenda polepole: ukigonga mnyama, faini ni kwa dola, kila mnyama na bei yake. Mbele kuna bonde la mibuyu, kisha Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu (nunua wakati wa kurudi, harufu haitoki garini). Kwenye mlima wa Kitonga, hema linafanya gari liyumbe kwenye kona. Usijaribu kupita lori. Wakati wa kushuka tia gia nzito, maana breki zikipata moto hazishiki.

Isimila iko kilomita 20 baada ya Iringa, njia ya Mbeya: nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za kale. Nenda asubuhi, mchana kule bondeni ni jua tupu.

Ukirudi Dar, kumbuka gari limerefuka. Usiliingize kwenye maegesho ya chini ya ghorofa kabla hujasoma kibao cha kimo.