Autoruns imenisaidia kufukuza vidirisha vilivyokuwa vinajifungua kila nikiwasha kompyuta

Nina kasteshenari Mabibo karibu na hosteli ya wanachuo, kazi zenyewe mnazijua, kuprinti, kopi, kubaindi, laminesheni, msimu wa mkopo ni fomu za mkopo, mtu anataka TIN, mwingine kapoteza namba ya NIDA. Mashine ni EliteBook ya mtumba yenye Windows 10 (najua msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, ila hii mashine 11 haiikubali, na ndo hiyohiyo inayonilisha). Kwa siku inachomekwa flashi hata thelathini, zimepita kwa nani na nani Mungu ndo anajua.

Sasa kwa kama miezi miwili asubuhi zangu zilikuwa hivi. Nawasha, naweka neno la siri, kabla hata picha ya wanangu haijatokea vizuri kwenye skrini Notepad mbili zishajifungua moja juu ya nyingine, kila moja imeandikwa [.ShellClassInfo] na chini yake LocalizedResourceName=@%SystemRoot%\system32\shell32.dll,-21787. Nazifunga. Kinakuja kiboksi cha Windows Script Host (kile chombo cha Windows cha kuendesha vijiprogramu vya .vbs), "Can not find script file", halafu jina la herufi zilizovurugwavurugwa linaloishia na .vbs. Nabonyeza OK. Kisha kidirisha cheusi kinapepesa mara moja, hata kukisoma huwahi, na hapohapo brauza inajifungua kwenye ukurasa wa kubeti, mdada anacheka, hela zinadondoka kama mvua.

Hii ya brauza ndo iliyonimaliza kabisa maana ilikuwa inatokea mbele ya wateja. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, nimewasha mashine na mama mchungaji kasimama hapo anasubiri ratiba ya kwaya, akaniangalia, akaangalia skrini, akasema taratibu, "Baba, na wewe umo humo?" Nikajieleza weee mpaka jasho, nikaona kabisa haniamini.

Nikaita fundi. Hata hakukaa, akasema tupige windo upya, elfu ishirini. Nikamwambia kaka humu kuna kazi za watu na programu ya printa ambayo CD yake sijui ilipotelea wapi, akasema basi zoea. Mwingine akaniwekea programu ya kusafisha kompyuta, hiyo ndo ikaniletea kidirisha cha tano, kila nikiwasha inaniambia mashine ina mamia ya makosa nilipie ndo iyatoe. Nimeita mtu afukuze nzi kaniletea nyuki.

Mwenyewe Task Manager nilishaingia, Ctrl+Shift+Esc, tabu ya Startup, nikakuta pale kitu kinaitwa Microsoft Windows Based Script Host. Nikasema hicho kina jina la Microsoft, nikikigusa naweza kuua mashine nzima, nikakiacha. Kumbe mshenzi alikuwa yuleyule!

Mwanachuo mmoja wa kompyuta, mteja wangu wa siku zote, ndo akaniambia bro shusha Autoruns. Kwa wasioijua, hii ni programu inayokuonyesha kila kitu kinachojiwasha pamoja na Windows, ni moja ya zana za Sysinternals, kampuni iliyoanzishwa na Mark Russinovich na mwenzake Bryce Cogswell mwaka 1996 na Microsoft wakaja kuinunua 2006, kwa hiyo unaipata kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe na ni bure, wala usiende kuichukua kwenye vitovuti vya pembeni vyenye vitufe kumi vya kushusha, humo ndo unaokota mengine. Faili la zipu lenyewe dogo, MB chache tu, haligusi bando. Hakuna cha kuinstoli, unafungua zipu, unabonyeza Autoruns64 kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua iendeshwe kama administreta, basi.

Mara ya kwanza nusu niifunge nikimbie. Mistari mamia na mamia, kila kitu kinachoanza na Windows kimeanikwa pale, madereva, huduma, viongezeo, maneno ambayo sijawahi kuyaona maishani. Dawa yake ni kwenda Options ukaweka tiki kwenye Hide Microsoft Entries, orodha ikanywea mpaka nikaweza kuisoma na chai mkononi. Halafu unaangalia rangi. Wa njano maana yake amri ipo ila faili inayoliita halipo tena. Wa pinki ni wa kutiliwa shaka, faili halina saini ya mtengenezaji inayoeleweka, ingawa wapo wa pinki wasio na hatia, vijiprogramu vya zamani vya printa vingi viko hivyo.

Tabu ya Logon, mstari wa njano, jina lilelile lililovurugwa la .vbs, na njia yake yote hadi ndani ya AppData\Roaming. Hapo ndo nikaelewa. Virusi vya shotikati vya kwenye flashi viliingia, antivairasi ikala faili lenyewe, ila ile amri ya kuliita kila asubuhi, iliyoandikwa kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), ikaiacha. Yaani umemfukuza mpangaji, ila boda wake bado anakuja saa moja kamili kumgongea mlango. Task Manager iliniambia jina la boda tu, hii imenionyesha na alikuwa anamfuata nani. Kwangu mimi tofauti ni hiyo na inatosha.

Ukurasa wa kubeti ulikuwa umejificha kwingine kabisa, tabu ya Scheduled Tasks, yaani kazi zilizopangiwa muda wa kujiendesha, ndo maana kwenye Startup ya Task Manager sikuwahi kuuona hata nikikodoa vipi. Jina limetungwa lifanane na sasisho la kitu cha maana, ungepita tu. Lakini ukibonyeza mstari, kule chini kwenye maelezo inasomeka cmd.exe /c start halafu anwani ya ule ukurasa, wazi kabisa. Na ndo maana ya kile kidirisha cheusi kinachopepesa, ni cmd inafunguka, inaita brauza, inajifunga. Nilitoa tiki tu, sikufuta, nikawasha upya. Kimya. Hakuna mdada, hakuna mvua ya hela.

Ile programu ya kusafisha niliiona humo imejichomeka sehemu tatu tofauti, hiyo nikaitoa kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu kisha nikarudi kuhakikisha haijaacha kucha.

Notepad sasa, hapo Autoruns haikunisaidia kitu na siilaumu, kosa lilikuwa langu. Flashi za wateja zikipigwa na vile virusi mafaili yanafichwa, mimi huwa nayarudisha kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E: ndo drive ya flashi). Siku moja foleni imejaa, nikafungua kile kidirisha cheusi kama administreta, nikapiga amri nikasahau kuweka E: mbele ya \*.*, ikaenda kufagia C yote wakati mimi nahesabu chenji. Folda nyingi maalumu za Windows zina kijifaili cha desktop.ini ambacho Windows hukificha, na ndani ya folda ya Startup kimo pia. Kikiwa kimefichwa Windows inakipita, kikivuliwa ule ufiche inakiona kama kitu kingine chochote kilichowekwa kwenye Startup, inakifungua, na cha kufungulia ni Notepad. Mbili kwa sababu Startup ziko mbili, yangu na ya watumiaji wote. Nilibonyeza Windows na R, nikaandika shell:startup, nikafuta desktop.ini iliyomo, nikarudia na shell:common startup, mwisho wa habari. Miezi miwili nimeteseka kwa vijifaili viwili aisee.

Mabaya yake sasa. Lugha ni Kiingereza tupu, na si kile Kiingereza cha kuombea kazi. Ukitoa tiki unaweza kuirudisha kesho, lakini ukibonyeza Delete umefuta, hakuna kitufe cha kujutia, kwa hiyo sheria yangu ni natoa tiki, nakaa wiki, ndo nafuta. Na hiyo wiki nimeihitaji kweli maana nilijifanya nimeshajua nikatoa tiki kitu cha skana, kesho yake kitufe cha kuskani kimegoma mteja ana cheti mkononi, nikarudisha mbio. Tabu za madereva na huduma mimi sizigusi kabisa. Halafu haikulindi, hii si antivairasi, inakuonyesha nani kaingia, mlango ufunge mwenyewe. Kuna sehemu ya kupima kila mstari na VirusTotal, tovuti ya kupima mafaili kwa injini za antivairasi zaidi ya 70, inataka intaneti na ni nzuri ukiwa na shaka na jina fulani, ila usikimbilie kufuta kwa sababu injini moja imepiga kelele.

Kingine, si kila kinachojifungua ni uchawi. Nilipomaliza yote bado folda ya kazi za wateja ilikuwa inafunguka kila asubuhi, nikahangaika tena nusu saa, kumbe kwenye Folder Options kuna tiki ya Restore previous folder windows at logon, nani aliiweka sijui, pengine mimi.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ule msitu wa mistari unaokupokea ukiifungua. Kwa bei ya bure dhidi ya elfu ishirini ya kupiga windo sina la kusema.

Juzi mama mchungaji karudi na ratiba nyingine. Nikaizima mashine makusudi, nikaiwasha mbele yake, tukasubiri wote wawili. Ikatokea picha ya watoto, basi. Nikamwambia, "Umeona mama?" Akatabasamu, akanishika bega, akasema, "Bwana asifiwe baba, tulikuwa tunakuombea uache."

Nimekata tamaa, nimechukua tu hela ya kuprinti.