Tuisheni ya jioni ya vijana wageni hapa Louisville, naipa nyota 4

Mdogo wangu ana miaka 15, tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na shule ya huku Kentucky ilikua inamtesa jamani, msosi wa mchana anakula peke yake, wakimcheka lafudhi anajifanya haskii. Hii tuisheni ni bure, walimu wanajitolea, wanamsaidia homuweki na kumuandaa kwa ule mtihani wa WIDA wa kila mwaka, wa kupima Kiingereza cha wanafunzi wanaojifunza lugha, ila kilichomfungua mdomo sio vitabu ni mpira, wakimaliza kusoma wanacheza na vijana wa Burundi na Somalia basi kelele zake nazisikia toka pakingi. Ubaya basi lao linachelewa mno, winta ndo balaa, na hesabu hawana mwalimu wa maana. Afu wazazi, kikao cha shule ombeni mkalimani, haki yenu na hamlipi kitu.